Lastiki Isiyogusa Sikio

Fundi, mshonaji wa mtaa, hakuwa mtu wa ugomvi. Alilisema hilo mwenyewe mara nyingi, na hakuna aliyembishia, maana kumbishia kungekuwa ugomvi. Kero zake alizimeza. Zile zilizokataa kumezeka alizitoa kwa midomo mitupu, bila sauti, akimwelekea mumewe upande wa pili wa sebule: "Mama yako kahamisha tena vyombo vyangu." "Mama yako kasema nashona kama mtu anayefukuzwa." Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtaa mzima ukamwita Friji, na hata kwa tabia jina lilimkaa. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kufungua skrubu zake. Mama mwenyewe alikuwa ameketi katikati yao kwenye kiti cha mikono, akigeuza uso huku na huku kwa utulivu.

Mama alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe. Tangu usichana hadi kustaafu alifanya kazi kiwanda cha nguo, kwenye chumba cha mitambo ya kufumia, na huko alijifunza kusimama wima na kutazama bila kupepesa. Ukiongea naye anakukodolea mpaka unajiuliza kama kuna kitu kimebaki menoni. Ukimuuliza jambo uso kwa uso, jibu lake halikosei. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, kimya. Basi nyumba ikakubaliana kwamba Mama anasikia anachotaka kusikia. "Sikio la kufa halisikii dawa," Fundi alisema siku moja, tena kwa sauti. Mama hakugeuka.

Kisha yakaja yale maradhi, watu wakaambiwa wafunge pua na mdomo. Zahanati ya jirani ikamwagiza Fundi barakoa nyingi kiasi kwamba sare za shule, mapazia na gauni moja la harusi vilisukumwa chini ya meza. Kazi ilifanyika chumba cha mbele, wateja wakiingia na kutoka, hivyo Fundi alifunga barakoa tangu asubuhi mpaka anapofunika cherehani. Na hapo ndipo Mama alipoacha kujibu kabisa.

"Mama, chai iko tayari." Kimya. "Mama, umeona sindano yangu kubwa?" Mama akamtazama barakoa kwa muda mrefu, akasema, "Ndiyo, kumepoa leo."

Fundi aliichukulia kuwa dharau. Alijua namna za kununa, naye mwenyewe alikuwa hodari, lakini hii ya kujibu habari za hali ya hewa ilikuwa mpya kwake. Siku moja aliweka maharage jikoni, akaja mlangoni akasema, "Mama, nafika dukani mara moja, niangalizie sufuria." Mama akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. Fundi aliporudi, moshi ulikuwa umeshafika barabarani kumpokea. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo, mgongo wima.

Alikuja Nesi, yule wa zahanati, kuchukua mzigo wa barakoa, akaikuta sufuria nje ikiwa nyeusi ndani na nje, na Fundi akiisugua kama inayomdai. Akasimuliwa yote. Aliingia ndani, akamsalimia Mama kutoka nyuma. Akamsalimia tena. Kisha akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akaunyanyua, akauachia.

Mkasi ukalia juu ya sakafu ya saruji. Friji, aliyekuwa uani ameingiza kichwa ndani ya jokofu la mteja, akauliza kuna nini. Mama akachukua shati lingine, akalikunja.

"Huyu mama hakununii," Nesi alisema. "Huyu mama hasikii."

Wakampeleka kwa daktari wa masikio. Daktari, kwa kuwa naye alikuwa amefunga mdomo, aliandika swali lake kwenye karatasi: hali hii imeanza lini? Mama akasoma, akajibu kwa sauti yake nzito, "Tangu watu walipoanza kufunga midomo." Daktari akacheka ndani ya barakoa yake. Friji akacheka. Fundi pia akacheka, kwa adabu.

Mama alipewa kimashine cha sikio, kidogo kama harage, cha kukaa nyuma ya sikio, chenye kimrija chembamba kinachoingia ndani. Siku ya kwanza Mama alizunguka nyumba kama mpangaji anayekagua. Akasimama mbele ya cherehani.

"Hii hulia hivi siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Poleni."

Friji aliambiwa kwamba pumzi yake ina filimbi. Bomba la uani lilishtakiwa kwa kudondosha. Mlango wa chumba cha mbele ulipakwa mafuta kwa mara ya kwanza tangu uwekwe. Fundi alianza kufikiri kwamba nyumba imepata amani, na huenda ingepata, isingekuwa lastiki.

Barakoa alizoshona Fundi zilining'inia masikioni kwa lastiki bapa, ile nyembamba ya kiunoni mwa sketi za watoto. Ilikuwa lastiki nzuri, yenye nguvu. Mama alipokwenda zahanati kupima presha, alivua barakoa anywe maji. Lastiki ikakinasa kimashine, ikakivuta, ikakiachia. Kikaruka. Kikatua mapajani kwa mzee mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye benchi. Mzee akaamka, akakiokota, akakitazama pande zote, akakitia mfukoni. Kumweleza kwamba lile ni sikio la mtu kulichukua muda.

Mara ya pili kikaangukia kwenye ndoo, ambayo kwa bahati ilikuwa na matambara makavu. Mara ya tatu walikitafuta mpaka wakahamisha kabati, kumbe kilikuwa kimenasa kwenye kilemba cha Mama mwenyewe.

"Mkwe wangu," Mama alisema, "mashine yako na mashine yangu hazipatani."

Maneno hayo yalimwingia Fundi kuliko yote aliyowahi kuambiwa juu ya vyombo na mchuzi. Alikuwa ameshona miaka mingi, na hakuna mtu aliyewahi kuvaa nguo yake ikamrushia kiungo cha mwili. Akavaa viatu, akaenda kwa Mzee wa Vifungo.

Mzee wa Vifungo aliuza vifungo, zipu, nyuzi na lastiki za kila namna katika kiduka chembamba ambacho mteja akiingia, mwingine hana budi kutoka. Fundi alivuta kila lastiki iliyokuwa pale. Aliipima kwa rula ikiwa imelala, akaivuta mpaka mwisho, akaiachia, akaipima tena aone kama imerudi ilikotoka. Iliyoshindwa kurudi aliisogeza pembeni.

"Fundi," mzee alimwambia, "ukimaliza kuvuta, niachie na za kuuza."

"Natafuta inayoshika bila kurusha."

"Hiyo si lastiki. Hiyo ni kamba."

"Kamba haivutiki."

"Basi unachotafuta hakijatengenezwa," mzee alisema, akamfungia vipande vya kila aina.

Nyumbani majaribio yakahitaji kichwa. Kichwa cha Mama kilikuwa na kimashine halisi, nacho Fundi hakuthubutu kukichezea. Kichwa kilichobaki kilikuwa cha Friji. Akawekewa harage nyuma ya sikio, akavishwa barakoa, akaambiwa aendelee na kazi zake kisha avue kama kawaida. Friji hakuuliza. Alitengeneza majokofu mawili akiwa na harage nyuma ya sikio, na mteja mmoja alipomwonyesha kwa kidole, alisema, "Najua."

Lastiki bapa ilirusha harage mpaka dirishani. Ile ya mviringo, laini kama uzi wa viatu, haikurusha. Ila ilijisokota kwenye harage, vikatoka pamoja vimeshikana kama maharusi. Kisha Fundi akachana fulana kuukuu vipande vyembamba, akavivuta mpaka vikajikunja vyenyewe. Hivi vilikuwa laini kuliko vyote, sikio halikujua hata kama kuna kitu. Lakini kufika adhuhuri vilikuwa vimelegea, barakoa imeshuka kidevuni, imekaa tu pale kama ndevu. Akajaribu soksi ndefu za kike, zile za kupandisha mpaka mapajani, zikakatwa pete pete. Zilishika vizuri. Zilivutika vizuri. Mama akazikataa.

"Sitembei na mguu wa mtu usoni," alisema.

Baadhi ya vipande vilichemshwa kwa sabuni, kwa kuwa barakoa hufuliwa kila siku, vikatoka kwenye sufuria vimelegea kama tambi. Fundi alianza kuielewa lastiki kwa namna ambayo hakuwahi kuihitaji alipokuwa anashona sketi. Inayovuta sana hulipiza inapoachiwa. Isiyovuta haishiki. Na zote, zile kali na zile pole, zinapita pale pale pembamba nyuma ya sikio, ambapo tayari pana mpangaji.

Ikaja alasiri moja. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono, ametoa kimashine chake ili apimwe barakoa mpya, nacho amekiweka salama kwenye kisosi. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yake, barakoa yake mwenyewe ameivua kwa sababu alikuwa na pini midomoni, akijaribu lastiki ya saba au ya nane. Mama akasema inabana. Akailegeza. Mama akasema inalegea. Akaibana. Mama akasema sasa inabana upande mmoja. Fundi akazitoa pini mdomoni, akamgeukia Friji aliyekuwa karibu na dirisha, na kwa midomo mitupu, bila hata pumzi, akasema: "Mama yako atanimaliza."

"Sitakumaliza," Mama alisema. "Nimekaa nawe miaka yote hii na hujaisha."

Pini zikamwagika.

Fundi alitazama kisosi. Kimashine kilikuwa pale, kimelala. Alimtazama Mama. Mama alikuwa anamtazama mdomo, bila kupepesa.

"Mama... umesikiaje?"

"Nisikie nini? Wewe umetoa sauti?" Mama alijiweka sawa kitini. "Kile chumba cha mitambo, ukipiga kelele huisikii hata wewe mwenyewe. Sasa tungekaa kimya mpaka tustaafu? Tulisoma midomo. Posa, misiba, umbea wa msimamizi, vyote vilipita pale bila sauti, kutoka upande huu wa chumba mpaka ule. Wewe ukiongea na mume wako unaongea vizuri sana, mkwe. Unafungua mdomo. Kuna watu wanamumunya maneno."

Fundi akawa mdogo kama punje ya haradali. Kichwani mwake yakaanza kupita yote aliyowahi kuyasema katika sebule ile: vyombo, mchuzi, mito, jinsi Mama anavyokula machenza na kuacha mbegu kwenye vikombe, jinsi anavyoamka mapema kama analipwa. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila nao hawakufikiria mdomo usio na sauti.

Akamgeukia mumewe. "Wewe ulijua?"

"Tangu mtoto," Friji alisema.

"Na hukuniambia?"

Friji akawaza. "Nilidhani ndiyo njia yako ya kumwambia."

Kisha akakumbuka kwamba kuna jokofu uani.

Siku zilizofuata Fundi alivaa barakoa hata alipokuwa peke yake jikoni. Alikula akiwa ameinama. Akishona alimpa Mama mgongo, na akitaka chumvi aliifuata mwenyewe. Alilala akiwa ameuma midomo. Kila alipojiandaa kusema neno la kuomba radhi, alikumbuka neno lingine alilowahi kulisema, akaona hili moja halitoshi kulifunika.

Mama ndiye aliyevunja ukimya. Alikuja mpaka kwenye cherehani, akavuta stuli, akakaa mbele yake.

"Vua hicho kitu, tuongee."

Fundi akavua.

"Mengi ulisema kweli," Mama alianza. "Vyombo nilihamisha. Na mchuzi ule ulikuwa na maji, lakini ningeweza kunyamaza. Moja tu lilinichoma. Ile siku uliyosema, si angekwenda kwa binti yake."

Fundi aliikumbuka siku hiyo. Alikumbuka hata gauni alilokuwa anashona. Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. "Nisamehe, mama. Nilikuwa nimechoka. Sikuwa na maana ile."

"Ulikuwa na maana ile," Mama alisema. "Ila ilikuwa ya siku moja. Nilikusamehe zamani. Nilikuwa nasubiri tu uombe, na sasa umeomba, basi."

Fundi akajipangusa kwa kipande cha barakoa.

"Kwa nini hukutuambia kwamba husikii, mama?"

"Mngeanza kunipigia kelele. Mtu akijua husikii, anakuongelesha kama ng'ombe, halafu anakujibia maswali yako kwa watu. Nimewaona wenzangu." Akachukua barakoa iliyokuwa mezani, akaigeuza. "Na hii, kwani lazima ipite sikioni? Kule kiwandani tulifunga vitambaa kwa ajili ya vumbi la pamba. Tulifungia nyuma ya kichwa. Sikio tuliliacha na shida zake."

Fundi alimtazama. Kisha akaitazama barakoa. Kisha akamtazama Mama tena, safari hii juu kidogo, kwenye kilemba alichokuwa amefunga kila siku tangu aingie nyumba ile.

Alishona vifungo viwili kwenye kilemba, kimoja kila upande, nyuma kidogo ya masikio. Vikubwa, vya koti. Kwenye barakoa akaweka lastiki bapa, ile ile kali iliyorusha harage dirishani, kwa kuwa sasa ilikuwa na cha kuvuta kisichouma. Lastiki ikapita mbali juu ya sikio, ikajinyonga kwenye kifungo, ikatulia. Mama akavaa, akavua, akavaa. Akatikisa kichwa kwa nguvu. Kimashine hakikutikisika. Harage la Friji likarudishwa jikoni kwa wenzake.

Kilichobaki kilikuwa mkufu. Mama akivua barakoa kwa kuachia vifungo vyote viwili, ilianguka chini, na hakuwa na mgongo wa kuinama kila saa. Fundi akamtungia mkufu wa shanga, mzuri, wa rangi tatu, unaopita shingoni na kushika barakoa pande mbili. Mama akauvaa, akatembea mpaka mlangoni, akarudi.

"Nasikia mtu anatafuna mawe."

Ni zile shanga, zikigongana karibu na kimashine. Wakajaribu mnyororo mwembamba wa chuma. Huo Mama alisema unanong'ona. Ule wa plastiki ulilia kama panya kwenye karatasi. Mwisho Fundi akazitoa zile tepe za fulana kuukuu zilizolegea adhuhuri, akazisuka tatu tatu kama nywele. Kulegea kwake hakukuwa na madhara hapo, maana mkufu hauvuti, unangoja tu. Mama akauvaa, akasimama katikati ya chumba akisikiliza kwa makini.

"Huu haunisemi," alisema.

Watu wa zahanati wakaviona. Nesi akaagiza kwa ajili ya wazee wenye vimashine, kisha kwa wenye miwani, kisha kwake mwenyewe, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamechubuka kwa kuvaa barakoa kutwa. Kwa wanaume wasiofunga kilemba Fundi alibuni kipande cha kitambaa cha kukaa kisogoni, vifungo viwili ncha mbili. Mzee wa Vifungo aliishiwa vifungo vya koti, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaja mwenyewe mpaka nyumbani kuona vinakwenda wapi. Mama ndiye aliyesuka mikufu yote. Vidole vyake vilikuwa vimekumbuka kazi, na alisuka huku akimweleza Fundi habari za wanawake wa kiwandani, ambao Fundi alianza kuwajua kana kwamba aliwahi kukosana nao.

Mambo yalipotulia kidogo, Mama alisema anataka kumwona binti yake. Fundi akakaza shingo asije akasema lolote, wala kwa sauti wala bila. Akamfungia begi, akamwekea barakoa za kutosha, vilemba vitatu vyenye vifungo, betri za akiba za kimashine, na mkufu wa rangi ya buluu. Akamsindikiza mpaka kwenye gari. Nyumba ikawa kubwa. Vyombo vilikaa pale alipoviweka, na ikawa kila akivitazama vinamkera kwa kukaa.

Halafu simu ikalia. Mama hakuwahi kupiga simu katika maisha yake yote. Siku zote alisema simu hazina adabu, na sasa tu ndipo ilipoeleweka kwamba simu hazina midomo. Fundi akaichukua akidhani ni mteja.

"Mkwe wangu!"

"Mama! Shikamoo, mama. Unanisikia?"

"Marahaba. Nakusikia vizuri, usipige kelele. Huku wananipigia kelele wote, hata mume wa binti yangu. Nimewaambia nina kimashine, ndiyo wamezidi. Jana kaja mgeni, kamuuliza binti yangu kama nakunywa chai. Mimi nimekaa hapo."

"Pole, mama."

"Barakoa za huku zinanibana. Nimewaambia habari ya vifungo, wananichekea. Nakuja Jumamosi. Mwambie huyo Friji anifuate stendi, na avae shati la maana."

"Karibu, mama. Karibu sana."

"Na ule mchuzi," Mama alisema, "pika kama unavyopika. Nitanyamaza."

Akakata simu bila kuaga, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemfundisha kuaga kwenye simu. Fundi akamwita mumewe kwa sauti, akamwambia atafute shati. Kisha akapima lastiki ya barakoa tatu mpya, akaikata, akakanyaga cherehani.